Tunguu na Picha za Unguja Kutoka Angani

Katika tarikhi ya visiwa vyetu kuna mlango mmoja ambao wanatarikhi, kwa kushughulishwa na masultani, mikarafuu na siasa, aghlabu wameupita bila ya kuufungua, nao ni mlango wa wale walioitazama Unguja kutoka juu: waliitazama kwa chombo gani, kwa idhini ya nani, na kwa haja ipi. Picha ya nchi iliyopigwa kutoka juu haiji yenyewe kama mvua ijavyo, bali lazima awepo mtu aliyeitaka, akachagua mahali, akachagua saa, akahesabu mwendo wa chombo na mwanga wa jua, kisha akatoa amri au akapeleka ombi; na mtu akizipanga picha hizo kwa miaka yake ataona kwamba kilichobadilika zaidi tangu zama za babu zetu si kamera wala chombo, bali ni muombaji.

Kabla ya kupatikana chombo chochote cha kuruka, jicho la juu katika Mji Mkongwe lilikuwa ni dari la nyumba na mnara. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipokwisha kulijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliipa bandari jengo ambalo baharia alikuwa akiliona kabla hajaona kitu kingine cha mji. Na baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kuuharibu mnara wa taa uliokuwa mbele yake, saa ikahamishiwa juu ya jumba lenyewe, na hapo ndipo palipokuwa pahala pa kutazamia mapaa ya mabati, minara ya misikiti na majahazi yaliyotia nanga. Wapigapicha wa Kigoa, kina Gomes na Coutinho, waliofungua maduka yao hapa katika karne ya 19, walipanda na masanduku yao mazito juu ya madari na mabaraza ya ghorofani wakaupiga mji kwa ajili ya wageni walionunua kadi za posta. Mwaka 1892 mpimaji wa Kihindi, Imam Sharif Khan Bahadur, aliuchora mji mzima katika ramani, nyumba kwa nyumba na kichochoro kwa kichochoro, na mtu yeyote aliyepata kupotea kati ya Kiponda na Mkunazini atakiri kwamba kazi ile, iliyofanywa na mtu aliyekuwa akienda kwa miguu, haikuwa ya mchezo.

Jicho la juu zaidi kuliko mnara lilianza katika riwaya kabla ya kuwa kweli. Mwandishi wa Kifaransa Jules Verne, katika kitabu chake cha mwaka 1863 juu ya safari ya majuma matano katika puto, aliwaondosha wasafiri wake kutoka kisiwa kidogo kilicho karibu na mji wa Zanzibar, akawafanya wakione kisiwa chetu kikinywea chini yao, ilhali yeye mwenyewe hakupata kukitia mguu. Karibu karne moja baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1962, Mwingereza Anthony Smith na wenziwe walifanya kwa kweli kile ambacho Verne alikibuni, wakapaa kutoka Unguja katika puto walilolipa jina la Jambo, wakavuka mkondo wakateremka bara. Kati ya riwaya ile na puto hili palikuwa na vita: mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wetu mwezi wa Septemba uliotangulia, ilipojificha katika vijito vya Rufiji, marubani wa Kiingereza waliruka kutoka upande wa Mafia, wakaitafuta juu ya mikoko, wakapiga picha ya maficho yake. Hizo ni miongoni mwa picha za mwanzo kupigwa kutoka hewani katika mwambao wetu, na aliyeziomba alikuwa mpiga mizinga.

Sasa niingie Tunguu, kwa kuwa huko ndiko kiliko kiini cha khabari hii. Tunguu ilikuwa ni mahali pa mashamba, mashariki ya mji, kwenye njia iendayo kusini ya kisiwa, na hadi mwaka 1960 msafiri wa Makunduchi alipita hapo bila ya kuona cha kumsimamisha. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Serikali ya Uingereza, ambayo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yake, ilipatana na Serikali ya Marekani kwamba pajengwe kituo cha kufuatilia vyombo vya angani katika mpango ulioitwa Mercury, ambao makusudio yake yalikuwa kumpeleka mtu nje ya hewa ya dunia na kumrejesha salama. Chombo cha namna ile, kikirushwa kutoka Florida, kilikata bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya Kano katika Nigeria, kikateremka kwa mshazari hadi kwetu, kisha kikashika Bahari ya Hindi kuelekea Australia. Kwa kuwa mawasiliano yake yalikuwa ya mawimbi yendayo sawa bila ya kupinda na mgongo wa dunia, ilipasa pawe na masikio mfululizo chini ya njia hiyo, na sikio la upande wa mashariki wa Afrika likawekwa Tunguu. Hapakuwa na roketi hapo. Palikuwa na milingoti ya kupokelea sauti na vipimo, mitambo ya kuandika mapigo ya moyo wa mwanaanga na hali ya chombo chake, na mafundi waliozipeleka khabari hizo kwao Maryland.

Lakini nani katika Unguja ya mwaka 1960, mwaka uliochemka siasa kuliko mingi iliyotangulia, angeamini kwamba milingoti ile ni ya kusikiliza tu? Watu wa chama cha Hizbu walikipinga kituo kwa maandamano na kwa kalamu, wakihoji kwa nini kisiwa kisicho na ugomvi na mtu kiingizwe katika uhasama wa Marekani na Urusi, na kwa nini jambo kubwa kama hilo lifungwe London pasi na wenyewe kuulizwa. Katika vijiji palienea hofu ya maroketi. Mimi sioni kwamba hofu ile ilikuwa ya ujinga, kwani mtu aliyejengewa mtambo shambani mwake na asielezwe kwa ukamilifu ni wa nini, amekosa ilimu kwa kunyimwa, na kunyimwa si ujinga. Waliokuwa wakijua walikuwa ndani ya ua, na waliokuwa nje waliachiwa kukisia.

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wa Kimarekani John Glenn alirushwa kutoka Florida, ikiwa kwao asubuhi na kwetu jioni. Ilikuwa ni Ramadhani, mwezi umefika nusu yake. Na mtu akihesabu saa ya kuruka na muda wa kuivuka Afrika, ataona kwamba chombo kile kilipita juu yetu kiasi cha saa kumi na mbili na dakika ishirini, magharibi ikikaribia, saa ambayo uji umekwisha kuteremshwa, tende zimo kwenye sahani, na kila sikio la mjini linasubiri adhana. Wakati huohuo, ndani ya ua wa Tunguu, daktari alikuwa akizungumza na mtu aliyekuwa juu ya mbingu ya kisiwa, akimtaka avute mpira wa mazoezi uliofungwa mbele yake ili apimwe jinsi moyo unavyokwenda kasi na jinsi unavyorejea. Glenn akavuta, moyo ukapimwa, na muda si mrefu baadaye, akiwa juu ya Bahari ya Hindi, akaliona jua likitua kwa haraka ambayo haikupata kuonwa na mfungaji yeyote wa Unguja.

Alikuwa na kamera. Si kamera iliyotengenezwa kwa hikima za wahandisi wa anga, bali ni Ansco iliyonunuliwa dukani Cocoa Beach kwa dola arubaini hivi, ikageuzwa kidogo mshikio wake ili mtu mwenye glavu nene aweze kuitumia. Kabla yake Mrusi Titov, mwezi wa Agosti 1961, alikuwa amekwisha kupiga picha za dunia kwa mkono wake akiwa angani, na mwezi uliofuata chombo cha Kimarekani kisichokuwa na mtu kiliipiga Afrika kwa kamera ya kujiendesha yenyewe. Waliokuja baada ya Glenn walichukua kamera bora, na Gordon Cooper, aliyezunguka dunia mara 22 mwezi wa Mei 1963, alirejea na madai ya kwamba ameziona nyumba na moshi wake katika nyanda za Tibet, jambo lililowafanya wataalamu kumtazama kwa shaka. Kuanzia hapo mambo yakageuka, kwani wanajiolojia, wataalamu wa hali ya hewa na wachora ramani walianza kuwaandikia wanaanga orodha za kutaka hili na lile. Kutoka Unguja haikwenda orodha yoyote. Kisiwa kilitoa ardhi ya kusimamisha milingoti, na kikapita mara nyingi chini ya kamera, lakini hakikuwa na mtu ndani yake aliyeulizwa angependa kuona nini.

Mwisho wa kituo ulikuwa wa ghafla. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani waliokuwa Unguja walichukuliwa na manowari yao Manley, na mwezi wa Aprili, majuma machache kabla ya Muungano na Tanganyika, Serikali mpya ya Mzee Karume ikawaambia waivunje mitambo ya Tunguu na kuiondosha. Kazi ya kusikiliza ikahamia Tananarive katika Madagaska. Milingoti ikashuka, minazi ikabaki, na kwa muda wa kizazi kizima jina la Tunguu likarejea kuwa jina la mashamba.

Hapa inafaa nigeukie nchi nyingine kidogo, kwa sababu fikra ya kumpa mwanafunzi mamlaka ya kuomba picha haikuanza kwetu. Sally Ride, Mmarekani mwanamke wa kwanza kwenda angani, ambaye alisafiri katika Challenger mwezi wa Juni 1983 na baadaye akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, aliona kwamba mtoto wa skuli akipewa picha nzuri ya dunia ataitazama kwa dakika moja na kuiweka, ama akiambiwa achague mwenyewe mahali pa kupigwa, atashinda juu ya atlasi siku nzima. Mpango ukaanza mwezi wa Machi 1996 katika safari ya chombo Atlantis, kwa jina la KidSat, kisha ukaitwa EarthKAM, na mwaka 2001 kamera yake ikahamishiwa katika kituo cha kimataifa cha angani, ikawekwa kwenye dirisha, ikaendeshwa na kompyuta iliyopokea maombi ya wanafunzi kutoka ardhini. Wanafunzi wa chuo kikuu hicho ndio waliosimamia zamu za kuyapokea maombi, kuyapanga na kuyapeleka juu. Baada ya kufariki Sally Ride mwezi wa Julai 2012 mpango ukapewa jina lake.

Uzuri wa kazi ile, kwa maoni yangu, uko katika ugumu wake, maana kituo cha angani hakimgojei mtu. Kinazunguka dunia kwa dakika tisini na kidogo, katika kimo cha kilomita 400 hivi, na kivuli chake, lau kingekuwa na kivuli, kingekimbia juu ya ardhi zaidi ya kilomita 7 kwa kila sekunde. Tufanye kwamba mwanafunzi anaitaka Unguja. Kisiwa hiki kutoka Nungwi hadi Kizimkazi ni kilomita 85 hivi, na kwa hivyo chombo kinachopita kwa urefu wake kinakimaliza katika sekunde kumi na mbili; akikosea nusu dakika tu katika hesabu yake ataletewa picha safi kabisa ya maji ya bahari, au ya mashamba ya mkonge ya bara. Tena njia ya chombo haipiti mahali pamoja kila siku, kwa sababu dunia inajizungusha chini yake. Na ikipita juu yetu usiku wa manane, haina faida. Ikipita mchana wa masika, mwezi wa Aprili, kamera itaona pamba nyeupe ya mawingu na hakuna zaidi. Kwa hivyo muombaji hana budi ajue njia, saa, jua na mvua, na ayajue yote kabla, kwa kuwa ombi likishapanda halirekebishwi.

Msomaji wa Unguja aliyepata kukaa karibu na masheikh wa falaki hataiona kazi hii kuwa ngeni. Wanazuoni wetu walihesabu kabla, kwa kalamu na majadweli, wapi mwezi mwandamo utakuwa na saa ngapi utazama, kisha wakatoka kwenda kuutazama, na hesabu isiyo sahihi iliwaaibisha mbele ya mji mzima. Manahodha walikuwa na hesabu zao za nyota na za misimu ya kaskazi na kusi. Na si ajabu kwamba Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuja kuwa kadhi mkubwa na mwanachuoni aliyeheshimiwa kutoka Lamu hadi Ngazija, alikuwa nahodha wa chombo katika ujana wake. Ilimu ya kuhesabu kitu cha mbinguni kabla ya kukiona ilikuwako katika barza na madarasa ya mji huu. Kilichokosekana kilikuwa ni chombo, na zaidi ya chombo, njia ya kukifikishia ombi.

Mwambao haukubaki mtupu. Waitaliano walisimamisha jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Kenya kutimiza miaka saba ya uhuru, wakarusha kutoka hapo setilaiti ya kuchunguza nyota iliyoitwa Uhuru, jina la Kiswahili lililosomwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. Lakini ilimu iliyotoka humo ilikwenda Marekani na Roma kabla ya kufika Malindi. Ilipasa kungojewa mwezi wa Mei 2018, ambapo setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, sanduku la kushikika kwa mikono miwili, iliachiwa kutoka kituo cha angani ikiwa na kamera zake, ndipo wanafunzi na walimu wa Afrika ya Mashariki wakaweza kusema kuwa wao wenyewe wanakiamuru chombo kilichoko juu kitazame chini.

Miaka miwili kabla ya hapo Tunguu ilikuwa imeamka. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kile tunachokiita SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kusomesha mwaka 2001, na kikajenga majengo yake makuu katika Tunguu hiyohiyo ya milingoti. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia na kwa kushirikiana na chuo hicho, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mafundi wa mashirika ya Drone Adventures na WeRobotics, iliazimia kuzipiga picha Unguja na Pemba zote mbili, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, kwa droni ndogo, zikirushwa na vijana wa hapahapa. Picha zilizokuwa zikitegemewa katika afisi za ardhi zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, na katika miaka kumi Unguja ya leo hugeuka isitambulike. Shamba la mihogo la Fuoni hulala shamba likaamka mtaa. Setilaiti zingeweza kutumika, ila mawingu yetu hayana adabu na bei zao hazina huruma.

Wanafunzi, waume kwa wake, walifundishwa kwanza kwenye kompyuta kabla ya kugusa chombo. Juu ya ramani ya kioo waliikata nchi vipande, kila kipande wakakichorea mistari ya kwenda na kurudi kama mlimaji apigaye matuta, na mistari ikapangwa ikaribiane kiasi ambacho kila picha ipandane na mwenzake kwa sehemu kubwa. Kwani mahali pakionekana katika picha nyingi, kila moja kwa pembe yake, ndipo programu inapoweza kuziunganisha zote ziwe picha moja, na kupima urefu wa mnazi na wa nyumba. Walihesabu upepo, kwa kuwa Agosti ni kusi, na kusi ya pwani ya mashariki haimchezei mtu. Waliomba ruhusa kwa wenye mamlaka ya anga na ya ulinzi. Walichagua kiwanja cha mpira, au mahali peupe pasipo minazi, na wakawaeleza watu wa shehia kile kinachotaka kufanywa.

Chombo chenyewe kilikuwa kikidhaniwa ni mwanasesere na kila asiyekijua. Ni bawa la sponji gumu, upana wake haufiki mita moja, uzito wake ni kama gramu mia saba, na ndani ya tumbo lake imelala kamera. Mrushaji huuelekea upepo, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa mara tatu mbele na nyuma, na kwa kutikiswa huko injini ya umeme ikajiwasha nyuma ya bawa. Akakiachia, nacho kikapanda kwa mlio mwembamba, kikaishika mistari iliyochorwa tangu jana katika kompyuta. Kwa muda wa nusu saa au zaidi watoto wote wa kijiji huwa wamesimama shingo juu. Kikimaliza kinarejea chenyewe, kinazunguka, kinashuka kwa tumbo juu ya majani, na mwanafunzi anakwenda kukiokota, anatoa kadi ya kumbukumbu, anatia betri nyingine. Ardhi iliyopatikana kwa namna hiyo ilionekana kwa usafi ambao nukta moja ya picha ni sentimita 7 za ardhi. Mtumbwi uliopinduliwa pwani unaonekana, na shimo la barabarani pia, na mwani uliotandazwa juani kule Paje au Jambiani unahesabika kwa mafungu.

Hapo pana jambo ambalo wahandisi wa kigeni walihitaji kuelezwa na vijana waliokulia hapa. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa ili isichunguliwe. Madirisha ya chini ni machache, mlango haukabili mlango, ua umo ndani, na dari la juu ni pa wanawake kuanikia na kupumzika. Na tangu zamani mtu aliyejenga ghorofa ya kuchungulia ua wa jirani alikuwa akishtakiwa na kulaumiwa. Sasa kinakuja chombo kinachoyaona madari yote kwa mara moja. Ni kweli kwamba kwa nukta ya sentimita 7 mtu haonekani uso wala hajulikani ni nani, akawa kitone na kivuli chake. Hata hivyo naona kwamba kueleza mapema, na kueleza kwa lugha ya mwenye nyumba, ndiko kulikoifanya kazi ya mwaka 2016 isikutane na maandamano ya mwaka 1960. Aliyekuja kubisha hodi alikuwa mtoto wa shehia ya pili, mwenye kanzu ya Ijumaa anayoijua kila mtu, na akiulizwa swali asilolijua, kesho yake alirejea na jawabu.

Picha hizo hazikufungiwa kabatini. Sehemu kubwa yake iliwekwa wazi kwa wote, zikatumiwa na wapimaji, na wapangaji miji, na wanaohesabu nyumba zilizo hatarini kwa mafuriko, na hata na wataalamu wa mbali waliozifundisha kompyuta kutambua paa lililokamilika na msingi ulioachwa njiani. Bara, vijana wa vyuo vya Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuanza kazi ya namna hiyo tangu mwaka 2015 kwa mpango wa Ramani Huria, wakichora mitaro na mitaa ya mabondeni inayozama kila masika.

Umri wa picha ni mfupi kuliko umri wa ramani ya Imam Sharif. Katika picha za mwaka 2016 Beit al-Ajaib limesimama na mnara wake wa saa, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka pamoja na mnara. Fuoni, Kisauni na Tunguu yenyewe, iliyopata majengo ya serikali na mabarabara, si zile tena. Kazi ya kurushwa upya, kwa hivyo, haina mwisho. Na katika kazi hiyo, upo upande mmoja ambao droni haiwezi kuumaliza. Kutoka juu kichochoro cha Kajificheni na kichochoro cha Sokomuhogo ni nyufa mbili kati ya mapaa, havina khitilafu, na hakuna programu inayojua ni nyumba ya nani iliyokuwa madrasa kabla ya kuwa duka la vinyago. Kwa hiyo mwanafunzi akishamaliza kuchora mapaa yote ya shehia kwenye kompyuta yake Tunguu, hupanda daladala akashuka Darajani, akachukua karatasi zake, akaingia ndani kwa miguu kumtafuta sheha na wazee wa barzani, akaandika majina.